Kamera ya Misibani

Mpiga video wa misiba hapa Kasulo hunyata kama mwizi wa kuku, na kila dakika hufuta lenzi kwa pindo la shati. Akiinua kamera upande wa wanawake, kilio kinapanda. Akiishusha, wanarudi kuulizana nani kavaa kitenge cha nani. Juzi tulipomzika Bibi Zita alituzunguka mara nne, nasi tukalia kwa kwikwi, mimi nikimgeuzia shavu lenye machozi. Jioni nikamwomba anionyeshe.

"Hakuna kitu, dada. Betri iliisha tukiwa bado kanisani."

Sasa mbona aliendelea kuzunguka? Akafuta lenzi taratibu, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Ningeiweka chini, nani angemlilia bibi wa watu?"