Shemeji Alibandua Karatasi Ukutani Igowole

Admin, nifiche vizuri. Iringa ni ndogo na kazi yangu tunaifanya wachache.

Nina miaka 36, mwanaume, nina mke. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe. Naandika miongozo ya programu, yale maelezo ya "bonyeza hapa" ambayo hakuna anayeyasoma mpaka mambo yaharibike. Bosi wangu ni shemeji, mume wa dada yangu.

Tulipouza programu ya kutunza mafaili ya wagonjwa kwa zahanati moja Igowole, nilimwambia, "Shemeji, mwongozo tuuweke mtandaoni, maandishi ya kawaida tu. Programu ikibadilika narekebisha, wote wanaona. PDF ikishatoka imetoka."

Akacheka. "Igowole mvua ikinyesha mtandao unaondoka nayo. Toa PDF yenye nembo, tuichape, tuipige leminesheni."

"Basi tuweke tarehe."

"Tarehe ya nini? Itaonekana imezeeka."

Kuhusu mtandao alikuwa na hoja, nikakubali. Ila mwenyewe niliendelea kuandika kwa maandishi ya kawaida, nikitunza kila badiliko na siku yake, kisha ndipo natoa hiyo PDF.

Programu ikabadilika. Kitufe kilichokuwa kinafungua siku mpya ya kazi kikawa cha kufuta mafaili yote. Aliyebuni hivyo anaishi na dada yangu. Mwongozo mpya akautuma kwenye grupu la wasap la zahanati, ukazama chini ya maua ya "asubuhi njema". Ukutani pale zahanati karatasi ya zamani iliendelea kung'aa.

Nesi wa pale, mama wa makamo, akaifuata. Mafaili ya wagonjwa wa presha na sukari yakafutika yote. Mzee mmoja alipewa dawa kwa kukisia. Sasa kalala, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi. Nesi kasimamishwa kazi kwa uzembe.

Shemeji alinipakia kwenye gari tukaenda. Akabandua karatasi ya zamani, akabandika mpya, akaifuta kwa mkono wa koti. Wakati wa kurudi tulisimama Nyololo kula mishikaki. Akasema, "Alhamisi kwenye kikao cha kesi ya nesi wakikuuliza, mwongozo ni ule ulioko ukutani. Wala si uongo, si uko ukutani?"

Dada naye akapiga simu. "Mdogo wangu, huyu ndiye baba wa wanangu." Akakata.

Maandishi yenye siku zake, yanayoonyesha karatasi ya zamani ilisema nini, ninayo mimi peke yangu. Jana nesi kanitumia ujumbe: "Kaka, mimi nilifuata karatasi yenu. Utakuja Alhamisi?"

Nimeusoma. Na ameona nimeusoma.

Ndugu zangu, mngekuwa mimi, mngemjibu nini?