Mkwe Aliyesikia Sala Yangu

Ahimidiwe Mungu wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo, aliyenifikisha uzee huu na bado ananivumilia.

Sisi Wayahudi wa upande huu wa Endebess ni wachache, na sinagogi yetu ni chumba cha udongo chenye mabati. Mwalimu aliyetufundisha alitoka ng'ambo ya mpaka. Alisema sala za kitabuni hazitoshi: kila siku mtu aende shambani peke yake, aseme na Muumba kwa sauti, katika lugha ya mama yake, bila kuficha kitu. Akimaliza, afumbe macho, atulie, asikilize pumzi yake.

Nilikipenda kitendo hicho kuliko chakula. Majirani walicheka, "Mzee anahubiria mahindi!" Sikujali.

Mwaka huu mahindi yalipokuwa yamenipita kimo, niliingia shambani Ijumaa mchana nikamlilia Mungu kwa Kibukusu. Nilimweleza habari za mke wa mwanangu, aliyeacha kanisa la kwao Bumula akaingia imani yetu alipoolewa. Nikasema anawasha mishumaa ya Sabato huku moyo wake uko kwingine. Nikasema hana mtoto mpaka leo, labda Wewe mwenyewe hujampokea.

Nilipofumba macho kusikiliza pumzi yangu, nikasikia ya mtu mwingine.

Alikuwa mke wa mwanangu, mstari wa pili, amechutama na kikapu cha kunde, leso ameivuta usoni. Kwetu mke wa mwana hakutani na baba mkwe ana kwa ana, humpisha. Aliposikia sauti yangu alichutama ili nipite. Sikupita, niliketi. Akabaki pale, akasikia yote. Hata mimi mila haikuniruhusu kumsemesha. Nikatoka kwa upande wa pili kama mwizi wa mahindi.

Sabato ilipokwisha, alirudi kwao. Mwanangu, fundi wa kuchomelea vyuma mjini Kitale, akaja mbio.

"Baba, ulimwambia nini mke wangu?"

"Sikumwambia kitu."

"Na yeye anasema hivyo hivyo! Ati hukumwambia yeye. Ulimwambia Mungu."

Nilikuwa nimemvunjia mwanangu nyumba nikidhani nasali.

Nilienda Bumula na mke wangu. Tulikaribishwa chai sebuleni. Binti alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta. Mama yake aliniwekea kikombe akasema, "Mkwe, hata kwetu kanisani tunaomba kwa sauti. Lakini si tunaanza na dhambi zetu wenyewe?" Akarudi jikoni.

Nikaweka kikombe chini. Nikamgeukia mke wangu, kama mila itakavyo, nikasema kwa nguvu ili jikoni pasikie, "Mama watoto, nilimpelekea Mungu hukumu nikaiita sala. Nimekuja kuomba msamaha."

Sauti ikatoka jikoni, "Mama, mwambie Baba kwamba mimi pia huenda shambani, upande wa mtoni. Namwomba Mungu mtoto kila siku, vile mwalimu alitufundisha. Sikujua kuna mtu upande wa pili ananipinga."

Niliinamisha kichwa. Nilikuwa nimesema moyo wake uko kwingine, kumbe ulikuwa palepale ninapopataka mimi.

"Nitarudi," akaendelea. "Lakini Baba aniombee sasa hivi, nisikie."

Nilisimama katika sebule ya wakwe zangu. Mimi niongozaye wengine sala, nilikosa neno la kuanzia. Mwisho nikasema kwa Kibukusu, "Bwana, mtoto huyu ni wangu. Mpe anachokuomba. Nilichosema juu yake, usikisikie." Jikoni wakaitikia Amina, mama na binti, sauti mbili.

Alirudi wiki ile. Bado naingia shambani, ila sauti yangu imepungua, na siku nyingi naungama dhambi zangu zote kabla sijagusa za jirani. Aibu haijaniacha, nami sijamwomba Mungu aniondolee.

Wewe unayesoma, Mungu akupe mahali pa kusema naye, akuhifadhi na ulimi wa watu wa nyumbani mwako, na wao awahifadhi na wako. Amina.