Ndoo Nne Chini ya Kitanda

Mimi ni mwenye duka, na mwenye duka humjua mtu kwa anachonunua. Usiniletee habari za uso mzuri wala za kuimba kwaya. Niambie mtu hununua unga kiasi gani na saa ngapi, nami nitakuambia nyumbani kwake kukoje. Duka langu liko mbele ya ploti niliyoachiwa na marehemu mume wangu hapa Kawangware, upande wa kuelekea Riruta, na nyuma yake kuna vyumba tisa vya wapangaji. Jina langu ni Wakarima, lakini kila mtu huniita Mama Jackie. Husema pia kwamba mimi ni mkali. Hilo sikatai.

Mildred aliingia chumba cha tano miaka tisa iliyopita, yeye na mumewe Ogola, fundi wa mawe, na binti yao Hope akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Kabla ya hapo alikuwa akiishi Soweto West, kule Kibera, kwa binamu yake Jeremy aliyempokea alipotoka Bondo. Alifua nguo za watu Lavington, siku nne kwa wiki, tano akibahatika. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye kicheko cha ghafla. Na kwa miaka yote hiyo alinunua kadogo kadogo kama ploti nzima inavyonunua: unga nusu kilo, mafuta ya kupima ya shilingi ishirini, sukari ya kufungwa kwenye karatasi, kitunguu kimoja. Asubuhi chumbani kwake hakukuwa na chakula chochote isipokuwa chumvi. Nilikuwa nikimtania kwamba panya wa chumba cha tano hulala kwake tu, kula wanakula kwa jirani.

Basi Januari ya mwaka jana akaja dukani Jumamosi akataka bunda zima la unga, pakiti kumi na mbili. Nilidhani anafungua duka la kunishinda, na nikamuuliza waziwazi. Akacheka, akasema mama yake anakuja.

Mama yake, Mama Yunia, alikuwa na ugonjwa wa koo. Madaktari wa kwao walikuwa wameandika barua aje atibiwe Nairobi, na matibabu yangechukua miezi. Mildred alinieleza akiwa ameegemea dirisha la duka. Mama huyo aliwalea watoto sita kwa ghala la mahindi ambalo halikuwahi kuisha kabla ya mavuno, hata mwaka ule wa njaa. Machoni pake, nyumba ambayo mtoto anakimbizwa dukani mgeni akiwa ameshaketi haina mwanamke ndani yake. Mildred hakuwa na ghala, lakini alikuwa na kitanda, na chini ya kitanda kulikuwa na nafasi.

Kila Jumamosi, Ogola akilipwa, alinunua kitu kimoja tu. Kulikuwa na Jumamosi ya maharagwe, akaenda sokoni akapimiwa gorogoro sita, mkebe ule wa kilo mbili, akihakikisha muuzaji anaujaza mpaka unamwagika. Kulikuwa na Jumamosi ya mchele. Kulikuwa na ya wimbi, aliouosha, akauanika uani juu ya gunia, akakaa akifukuza kuku wangu kutwa nzima kabla ya kuupeleka kusagwa. Ogola alimletea ndoo nne za rangi kutoka kazini. Alizisugua kwa mchanga na sabuni siku tatu mpaka harufu ikatoka. Kwenye maharagwe alichanganya majivu na pilipili kavu ili wadudu wasiingie. Omena, dagaa wa ziwani kwao, aliwafunga kwenye mfuko akawatundika msumarini.

Machi akaniita nikaone. Nilikwenda nikitafuta kasoro, maana ndiyo tabia yangu, na sikuipata. Alivuta ndoo moja moja, akafunua vifuniko, akarudi nyuma.

"Cheki, Mama Jackie. Sitatuma mtu duka."

Nilimwambia anaua biashara yangu. Ukweli ni kwamba nilifurahi mpaka nikaona haya, nikaondoka haraka.

Mama Yunia alifika Aprili. Alikuwa amekonda, kanga imemzunguka mara mbili, lakini alitembea wima. Aliingia, akasali, akaketi, akaangalia chumba chote kwa macho ya polepole. Mildred akapakua ugali wa moto na samaki wa kuchemsha. Mama akaisogeza sahani kando kwa mkono wa upole. Akaletewa maji, hayo nayo hakuyagusa.

Kwa watu wa kwao, mama hali chakula kwa binti ambaye mumewe hajapeleka ng'ombe wa mahari. Ogola hakuwa amepeleka hata mmoja. Kila mwaka alisema Disemba, na kila Disemba ikampita. Mildred alijua mila hiyo tangu utotoni, lakini alikuwa amejiambia kwamba haiwezi kumfuata mtu mpaka kwenye chumba cha kupanga, tena kwenye ploti ya Mkikuyu. Na kama ingemfuata, basi ugonjwa ungeilegeza. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake. Mama hakugombana na mtu. Alimshika binti yake mkono, akaomba apelekwe kwa Jeremy, mtoto wa dada yake, ambako angeweza kula. Ogola alikaa nje kwenye ngazi, kichwa chini, na maneno niliyomwambia siku hiyo siyarudii.

Jeremy ni mtu mwema, lakini yeye na mkewe Caren walikuwa na watoto wanne katika chumba kimoja, na wao pia walinunua kadogo. Caren husuka nywele tangu asubuhi mpaka jioni. Mchana mgonjwa alibaki na chai na mkate asioweza kuumeza. Mildred akapeleka unga na maharagwe bila kuvipika, angalau mama apikiwe huko. Mama akauliza vimetoka wapi. Alipoambiwa, akasema virudishwe, kwa sababu vimetoka nyumba ile ile. Mildred akarudi na mzigo wake kichwani mpaka Kawangware, akapita dukani kwangu akilia bila kujificha.

Hapo ndipo nilipoingilia. Sisi Wakikuyu tuna mahari yetu na kelele zake, nami sijawahi kuwa na subira nayo. Wala sikuwa na subira na ng'ombe wa watu wengine.

"Mpikie hapa," nikamwambia. "Caren apakue kwa sahani zake, aseme ni yake. Mgonjwa anataka kula, hataki maswali."

Alikataa siku tatu. Aliogopa kumdanganya mama yake, na aliogopa zaidi kile ambacho wazee wao husema humpata anayevunja mwiko. Nikamwambia kama ni dhambi, iandikwe kwa jina langu. Siku ya nne alipika.

Tangu hapo aliamka mapema, akapika, akafunga chakula kwa gazeti na shuka kuukuu kisipoe, akatembea kwa miguu mpaka Soweto West kabla ya kwenda kufua. Caren alikipokea mlangoni, akakihamishia kwenye sufuria yake. Ndoo zilishuka, na Jumamosi zikazijaza tena. Na mama akala. Mei alikula ugali laini na omena. Juni alikula wali uliopondwa na mchuzi wa ndengu. Mashavu yalirudi kidogo. Akamsifu Caren kwa kila mgeni: huyu mke wa Jeremy, ingawa ni Mluhya, anapika omena kama mtu aliyezaliwa ufukweni. Mildred alinisimulia hayo akicheka, halafu kicheko kikakatika, akakaa akiangalia mikono yake. Alikuwa na wivu. Alimwonea wivu mwanamke ambaye hakuwa amewasha hata jiko.

Nilimwambia Ogola atafute ng'ombe. Alisema anatafuta. Nadhani safari hii alikuwa akitafuta kweli.

Agosti koo lilifunga. Yalibaki maji, na uji mwepesi wa wimbi, vijiko vichache kwa wakati mmoja. Jumapili moja baada ya kanisa nilifuatana na Mildred kwenda kumwona. Caren alitupokea, akauchukua uji kutoka kwenye mfuko wa Mildred, akauleta ndani kwa kikombe chake cha bati. Mama Yunia alikuwa ameketishwa kitandani na mto mgongoni. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa kidogo, akapumzika. Alinitazama sana. Kwa kuwa mimi si wa lugha yao, alizungumza nami Kiswahili, sauti ikiwa imebaki pumzi tu.

"Wewe ndiye mwenye ploti?"

Nikasema ndiye mimi.

"Wewe unakulanga kwa Mildred?"

"Nakula."

"Chakula yake iko namna gani?"

Mimi nimeulizwa mambo mengi duniani, na chifu, na polisi, na mawakili wa ndugu za mume wangu walipotaka hii ploti. Hapo nilikiangalia kile kikombe, wimbi niliouona ukianikwa uani kwangu, nikasema, "Ni tamu, Mama. Ni tamu sana."

Akatikisa kichwa polepole, akiridhika na kusikitika pamoja.

"Nitaenda bila kujua," akasema. "Hiyo tu ndiyo inaniuma."

Akanywa tena.

Mildred alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Nilimwona anavuta pumzi. Nilimwona anafungua mdomo, na nilijua kinachotaka kutoka, kwa kuwa machozi yalikuwa tayari yameshafika. Akaniangalia mimi kwanza. Nami nikatikisa kichwa, kumkataza.

Nilijiambia mengi baadaye. Kwamba mama angekitapika kile kidogo alichomeza. Kwamba angekufa na hofu ya mwiko, na angekataa hata uji. Huenda ni kweli. Lakini ninajijua. Nilitikisa kichwa pia kwa sababu shauri lilikuwa langu, na nilikuwa naona aibu kuketi mbele ya yule mama likifunuliwa.

Mildred akafunga mdomo. Akapiga magoti, akamshika mama yake miguu juu ya blanketi, akamwambia kwa Kiswahili ili nami nisikie, "Disemba, Mama. Ogola analeta ng'ombe Disemba."

"Haya, nyathina," mama akajibu, neno la kwao la kumwita mtoto wako.

Alifariki siku kumi na moja baadaye, chumbani kwa Jeremy, asubuhi, kabla Mildred hajafika. Uji ulikuwa njiani. Watu wa kwao walikusanyika kwa Jeremy jioni tatu kuchangia safari ya mwili, na wapishi wakakosa unga. Mildred akatuma ndoo zote nne kwa mkokoteni. Waliokuja kuomboleza waliyala maharagwe na wali, wakayasifu, na safari hii hakuna aliyesema ni ya Caren.

Ogola alipata ng'ombe. Mtamba mmoja mwekundu, ambaye alipewa na kaka yake, na akampeleka Bondo, akaingizwa boma la kina Mildred siku mbili kabla ya maziko. Wazee wakampokea, wakasema sasa mambo yamekaa sawa, mama anaweza kula kwa binti yake. Mildred aliponisimulia hayo hakulia. Mimi ndiye niliyelazimika kuingia nyuma ya duka.

Aliporudi hakununua bunda tena. Ndoo zilikaa uani mdomo juu, zikawa za maji, maana mifereji yetu hutoa maji siku mbili tu kwa wiki. Akarudia unga wa nusu kilo na kitunguu kimoja. Nami nikampimia.

Mwezi uliopita alikuja jioni na chupa ndogo, akaiweka dirishani.

"Mafuta ya ishirini, Mama Jackie."

Nikaichukua. Nilikuwa nafungua mtungi aliposema, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei, "Ile siku kwa Jeremy, mbona ulitikisa kichwa?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelipanga kwa miezi, lenye mwiko ndani yake na uji na huruma. Nikainama nikamimina mafuta, yakapita alama ya ishirini niliyoichora ubavuni mwa chupa, yakaendelea kupanda mpaka yakakaribia shingo ya chupa. Nikamsogezea.

"Umezidisha," akasema.

Nikamwambia abebe tu.

Akaitazama chupa, akaitazama mikono yangu, akairudisha upande wangu wa dirisha. "Punguza," akasema.

Nikapunguza mpaka kwenye alama. Akalipa, akaenda kupika.