Kiti cha Mlangoni

Munyiva alikuwa soja wa mlangoni katika jengo moja la ofisi katikati ya jiji, kazi yake kupekua mikoba ya wanawake. Kampuni yao ilikuwa na amri moja ambayo haikuandikwa popote: soja hakai. Eti mgeni akimkuta soja amekaa, ataona usalama nao umekaa.

Hebu mwambie hivyo mtu ambaye hedhi yake inamwagika mabonge kwa mabonge, wiki nzima na zaidi. Daktari alikuwa amemweleza kwamba ni fibroidi, uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Si saratani, ila umekua mno na dawa zimeshindwa, kwa hiyo angoje tarehe ya upasuaji. Munyiva akangoja. Alivaa pedi mbili kwa pamoja, akafunga sweta kiunoni hata jua likiwaka, na akameza vidonge vya kuongeza damu, ambavyo navyo vilimfunga choo. Bado kizunguzungu kilimpata akiwa wima. Lakini soja aliyesema anaumwa alirudishwa nyumbani bila mshahara. Mwenzake Joyline yalimkuta hayohayo. Munyiva akanyamaza.

Tumbo halikunyamaza. Lilikua mpaka vifungo vya shati la kazi vikalalamika. Siku moja msimamizi wao Kitavi, mtu mkavu asiyecheka na soja yeyote, akaja na kiti cha plastiki, akakiweka kando ya mlango.

"Kaa, mama," alisema bila kumtazama. "Si ungeniambia uko mzito? Bibi yangu pia mimba ilimsumbua hivyo hivyo."

Munyiva alifungua mdomo. Kisha akakaa. Uongo hakuusema yeye, aliukalia tu.

Tangu hapo mambo yakawa nafuu. Alienda choo bila kuulizwa, na hakuanguka tena. Philister, mfagiaji wa jengo, akamfumia kofia ndogo ya manjano. Hiyo ilimuuma. Alikuwa amevuka arobaini bila mtoto, na mtoto alimtaka sana. Aliikunja kofia, akaificha chini kabisa ya mkoba wake, na kiti akaendelea kukikalia.

Tarehe ikafika. Uvimbe ulikuwa mwingi, na kwa idhini yake wakautoa pamoja na mfuko wote wa uzazi.

Aliporudi kazini tumbo lilikuwa limeisha na uso umepata rangi. Kitavi alimkuta amesimama kando ya kiti.

"Pole sana, mama. Mungu atakupa mwingine."

"Hakukuwa na mtoto, bosi. Ilikuwa fibroidi. Na hakuna mwingine atakuja, mfuko wameutoa."

Kitavi alikosa pa kuweka macho. "Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniletea kiti?"

Mwanamke mmoja alikuwa akingoja na mkoba wazi. Munyiva akaupekua, akamrudishia, akamtakia siku njema. Alipogeuka, Kitavi alikuwa bado amesimama palepale, akikitazama kiti.