Wanaoingoja Honi Kasobwe

Asubuhi yangu ya kwanza kazini melini nilikabidhiwa kamba kabla ya kuulizwa jina. Wazazi walikuwa wamefariki, nami nilikuwa nimeacha shule darasa la sita ili wadogo zangu pale Buzebazeba, Kigoma, wale. Serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, alinikagua viganja akasema, "Utafaa. Ila ukiwa majini usimwite mtu. Hujui atakayeitika."

Nilidhani ni utani wa kumtisha mgeni, mpaka tulipofika Kasobwe. Kijiji kile hakina gati wala barabara. Nyuma mlima, mbele ziwa. Meli ilisimama mbali na ufuko, nahodha akapiga honi, tukangoja ndani ya ukungu. Nikasikia ko, ko, ko: makafi yanagongwa ubavuni mwa mitumbwi. Ndivyo wanakijiji wanavyosema, "Tunakuja." Wakajitokeza kimya kimya na vikapu vya dagaa, na mjamzito aliyejifunika kanga.

Baadaye mdogo wangu Rehema aliolewa hukohuko. Meli ikawa njia yake pekee ya kufika hospitali, na yangu ya kumwona.

Nilipanda vyeo hadi nikawa serahangi mwenyewe. Ndipo tukasikia serikali kuu inapunguza ruzuku, ile fedha inayoifidia meli pale nauli isipotosha. Vituo vidogo vingefutwa. Madiwani wetu walikataa katakata, na mwenyekiti wa halmashauri akampandisha melini afisa kutoka wizarani ajionee.

Kasobwe ilikuwa imemezwa na ukungu.

"Mheshimiwa, abiria wako wapi?" afisa alimuuliza mwenyekiti. "Hapa tunachoma mafuta bure."

"Tulia, bwana. Huku hawaji kwa kelele."

Ko, ko, ko. Afisa akainama ukingoni, akaita, "Nani huyo?"

Nikakumbuka onyo la serahangi wangu wa kwanza. Kugonga kukakoma. Kisha sauti ikajibu kutoka upande wa kilindini, ambako hakuna kijiji: "Ni mimi."

Mitumbwi ikatokea upande wa nchi kavu, kama kawaida. Afisa alikuwa amebadilika rangi. "Yule aliyeitika ni nani?"

"Unatuuliza sisi?" alisema mwenyekiti. "Wewe ndiye uliyemwita."

Ruzuku ikakatwa hata hivyo. Safari iliyofuata nahodha aliniambia bila kunitazama, "Serahangi, amri ni kupita. Bila honi." Tukapita Kasobwe kwa kasi yote. Ko, ko, ko, ikatufuata ubavuni, karibu kabisa, na hakuna mtumbwi unaoweza kukimbizana na injini ile. Jina la Rehema lilinifika mdomoni. Nikauma ulimi.

Nilipofika Kigoma nilimpigia simu.

"Leo hakuna mtumbwi uliotoka, Kaka. Tulishaambiwa hamsimami."

"Sasa nani alikuwa anagonga?"

Akauliza, "Uliita?"

"Sikuita."

"Basi uko salama."

Sasa nimestaafu. Rehema husafiri kwa boti za mizigo, na upepo ukichafuka silali. Madiwani bado wanadai ruzuku irudi, na wakinialika kwenye kikao nakwenda. Vijana huniuliza kwa nini sichoki kukielezea kituo kilichokwisha kufutwa. Nawajibu kwamba nilipita pale siku ile, nikasikia kwa masikio yangu mawili. Kilichokoma ni honi tu. Wanaoingoja hawajaambiwa wote.