Hatua Kumi na Nane kutoka Ukingoni

Watu wanaoijua Boko kwa kupita Barabara ya Bagamoyo hawaijui Boko. Wanajua maduka ya vifaa vya ujenzi na mabango ya viwanja vinavyouzwa. Ukiiacha lami ukateremka bondeni mwendo wa nusu saa kwa miguu, unafika Nguzoni, na jina hilo hutalikuta kwenye kibao chochote. Lilitokana na nguzo mbili za zege, za daraja la miguu ambalo watu wa mtaani walilianza nikiwa mdogo na hawakulimaliza. Moja ilisimama ng'ambo na nyingine upande wetu, pakavu, penye ukingo wa mto. Mto wenyewe wakati wa kiangazi ulikuwa wa kuvuka umekunja gauni.

Nimezaliwa hapo. Baba yangu pia, na baba yake, wakati hakuna aliyeota kwamba Boko itakuja kuitwa mjini. Sasa naishi Kimara, na nikisema kwetu ni Nguzoni watu huniuliza ni wilaya ya mkoa gani. Zamani nilikuwa nakasirika na kuanza kufundisha. Siku hizi nawajibu ni mbali sana, yanakwisha.

Ukoo wetu haujengei makaburi. Hakuna saruji, hakuna marumaru, hakuna jina. Ni udongo, kijiti kichwani na kijiti miguuni, basi. Baba alilisemea hilo kwa ukali wake wote kabla hajafa: atakayempaka saruji hana radhi yake. Na kwetu wanawake hatuendi kuzika. Siku ya maziko yake, miaka kumi na moja iliyopita, mimi na mama tulibaki ndani pamoja na wanawake wa mtaa, tukisikia sauti za wanaume zikiteremka kuelekea mtoni. Mama, ili ajue mumewe amelala wapi, alikuwa amemwagiza mdogo wangu wa kiume ahesabu. Mdogo wangu alirudi na udongo magotini, akasema hatua kumi na nane kutoka ukingoni, usawa wa nguzo. Mama akairudia hesabu hiyo mara mbili kwa sauti ndogo, na tangu hapo hakuisahau.

Siku ya tatu nilikwenda kufua mashuka ya msibani. Niliyaanika juu ya ile nguzo, miguu yangu ikiwa kwenye nyasi kavu. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko ninavyopenda.

Halafu yakaja malori ya mchanga. Nyumba zote zile zinazopanda barabarani zinahitaji mchanga, na mchanga ulikuwa kwetu, bure, chini ya maji. Walichimba kiangazi, na masika mto ulikuja kumalizia walipoachia. Vijiti vya makaburi vililiwa na mchwa, majani yakaota, na kila mwaka kipande cha ukingo kilidondoka. Mama alikuwa akisikia vishindo hivyo akiwa barazani. Kila nikienda kumwona, habari ilikuwa moja.

"Baba yenu anaondoka huku nyie mnamwangalia," alisema. "Na mie nikifa mtaniweka wapi? Nataka kulala ubavuni kwake, sitaki kingine."

Hakika hakuwahi kutaka kingine. Mama yangu si mtu wa kuomba. Alivaa khanga zilizochakaa mpaka nikamkemea, alikula alichopewa, na katika uzee wake wote alitaka jambo hili tu: mumewe ahamishiwe makaburi ya juu, karibu na msikiti, na nafasi ya pembeni yake iachwe wazi. Basi tukahangaika. Shehe akasema kwa dharura kama ile inaruhusiwa. Serikali ya mtaa wakatoa barua, bwana afya akaja, akaangalia mto, akatikisa kichwa, akasaini.

Mdogo wangu alitoka Chang'ombe, anakochomelea mageti, akaja asubuhi ya Jumamosi na wanaume wanne. Wakateremka. Mimi na mama tukabaki jikoni tukipika wali wa watu, kama ilivyo ada. Kabla ya adhuhuri walirudi na mzigo mdogo sana ndani ya sanda. Mdogo wangu alisema waliukuta mwanandani umeshabomoka, na mifupa imelala kuelekea kibla. Mama aliomba auguse. Akaweka kiganja juu ya kitambaa, akasema taratibu, "Pole baba. Umeteseka na maji yale. Sasa umefika." Nilitoka nje nikalia.

Wakamzika juu, nafasi ya pembeni ikaachwa. Mama alikula siku ile mpaka akaomba kuongezewa.

Kesho yake alinituma nikaangalie kama shimo wamelifukia, asije mbuzi wa watu akatumbukia. Nikateremka. Shimo walikuwa wamelifukia vizuri, udongo mbichi ukionekana katikati ya nyasi. Nikageuka kuutazama mto, na ndipo nikaiona nguzo yetu.

Ilikuwa katikati ya maji. Upande huu maji, upande ule maji. Miaka mingi nilikuwa nikifika kwa mama, naishia barazani, narudi Kimara. Mtoni sikuwa na shida nako tena. Nilijaribu kupima kwa macho kutoka kwenye nguzo mpaka ukingo wa sasa. Zilikuwa hatua ishirini na zaidi. Pale ambapo ingetimia ya kumi na nane palikuwa panapita maji ya kahawia, taratibu, kama hapajawahi kuwa na kitu.

Nikampigia simu mdogo wangu.

"Jana ulihesabu kuanzia wapi?"

"Si ukingoni, dada. Kumi na nane, usawa wa nguzo. Kama mwaka ule."

"Ukingo upi?"

Nilisikia mashine ya kuchomelea ikiendelea nyuma yake, kisha ikazimwa.

"Nguzo iko ndani ya maji," nikamwambia. "Mwaka ule nilianikia mashuka hapo."

"Mie nilijua ipo majini siku zote," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mgonjwa. "Dada, usimwambie mama."

Nilimtukana. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Halafu nikakata simu, na hasira yote ikanirudia mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye niliyeijua ile nguzo. Ningeteremka nao asubuhi ile, ningesema mara moja. Nilikuwa jikoni nikigeuza wali, maana ndivyo tulivyolelewa, na sikuwahi hata kufikiri kuuliza.

Mama sikumwambia. Kila Ijumaa alipanda kule juu na kiti chake cha plastiki, akakaa karibu na kaburi lile akasimulia habari za mtaa.

Haukupita mwezi, akaja mwanamke mmoja wa rika langu. Nilimkumbuka: familia yao ilitoka Lindi, wakaishi Nguzoni miaka kadhaa, wakahamia Temeke baada ya kumzika mama yao. Alimpa mama shikamoo, akakaa mkekani, akasema wamesikia tumemwokoa mzee wetu, na wao wanataka kumchukua mama yao kabla ya mvua.

"Alilazwa nyuma ya mzee wenu," alisema. "Upande wa juu, si mbali."

Mama akafurahi kwa ajili yake. "Mwanangu atakuonyesha," alisema. "Anapajua."

Nikampeleka. Alipouona udongo uliofukuliwa aliuliza, "Mzee alikuwa hapa?" Nikasema ndiyo. Akaanza kupanda juu kidogo, akitazama chini, na nikajua kwamba wakichimba hapo hawatakuta kitu, maana mama yao ndiye tuliyemzika kule juu, kisha wataanza kuuliza.

"Siyo huko," nikamwambia. "Mama yenu alikuwa upande wa chini, wa majini."

"Kaka zangu walisema juu."

"Kaka zako wageni hapa. Sie ni wenyeji, dada. Alikuwa chini."

Alinitazama. "Mie sikufika siku ile," alisema. "Nilibaki msibani na wanawake." Kisha akautazama mto muda mrefu, akavua viatu, akainua mikono, akamsomea mama yake Fatiha akielekea maji. Nikaitikia amina. Aliponiaga alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema ahsante dada, bora tumejua.

Nilipanda peke yangu. Mama alikuwa bado mkekani, akinisubiri.

"Wamempata?"

"Mto umemchukua, mama."

Akaweka mkono kifuani, machozi yakamtoka kwa ajili ya yule mwanamke.

"Masikini," alisema. "Alhamdulillahi, sie wetu tulimuwahi."