Siku Baudelio Alipoukata Wimbo

Baudelio Quijada alikuwa mtu wa kumaliza wimbo. Kwa miaka arobaini na mmoja aliyolibeba kodiani lake kifuani, akizunguka kaskazini yote ya Meksiko na bendi yake ya Los Tordos, alishapiga huku watu wakirushiana viti, alishapiga umeme ukiwa umekatika, na alishapiga hata siku ile bwana harusi alipotoroka na dada wa bibi harusi. Wimbo ukianza lazima ufike mwisho. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza. Ya pili ilikuwa jaketi la bendi nzima: la ngozi nyekundu, lenye nyuzi za ngozi zinazoning'inia mikononi, vifungo vyote hadi kooni, iwe Januari au Agosti.

Jumamosi ile ilikuwa ya Agosti, tena katika bonde la Mexicali, ambako hata mbwa huomba ruhusa kabla ya kutoka kivulini.

"Baba mdogo, kipimo cha gari kinasema nyuzi arobaini na tisa," alisema Yadira, bila kuondoa macho barabarani. Yadira alikuwa binti wa marehemu kaka yake Baudelio. Ndiye aliyepiga gitaa la besi na ndiye aliyeendesha gari la bendi. "Leo tuvae mashati tu. Nani atatulaumu?"

"Nitajilaumu mimi mwenyewe. Tunapanda jukwaani, hatuendi kuuza matikiti barabarani."

Kiti cha nyuma kilicheka. Aliyecheka ni Nicanor Bojórquez, mpiga gitaa nene la nyuzi kumi na mbili, mtu mnene wa miaka sitini na sita. Yeye na Baudelio walibatiziana watoto, kwa hiyo waliitana kompadre, na walikuwa wamelala pamoja katika vyumba vya wageni mara nyingi kuliko walivyolala na wake zao.

"Mwache, mwanangu," Nicanor alimwambia Yadira. "Huyu atazikwa na vifungo vyake. Na mimi nina nyama ya akiba. Nikiyeyuka kidogo, mke wangu atachoma mshumaa wa shukrani."

Walikuwa wanakwenda kwa Mzee Eliseo Armenta, mkulima wa vitunguu vya majani, aliyekuwa akitimiza miaka hamsini ya ndoa na mkewe Encarnación. Mzee alioa saa sita mchana, mwezi wa Agosti, akatoka kanisani moja kwa moja kwenda kucheza dansi. Sasa alitaka iwe vilevile. Wanawe walimsihi asogeze mpaka jua litue. Akawauliza kama wao walikuwepo siku ile ya kwanza.

Basi saa nane mchana Los Tordos walikuwa jukwaani, chini ya paa la mabati, na feni tatu kubwa zikiwapulizia hewa kama ya mdomo wa tanuri. Wageni mia mbili walikuwa wamekaa, vitambaa vyenye maji kichwani, wakinywa maji ya ukwaju na bia. Wachache walicheza. Mzee Eliseo na mkewe walicheza polepole, wamefumba macho.

Vitufe vya kodiani vilimchoma Baudelio vidole. Ndani ya chombo, nta inayoshikilia ndimi ndogo za chuma ilikuwa imeanza kulegea. Sauti moja ya juu ilikuwa inakohoa. Alishazoea. Alikwepa sauti ile kama mtu anavyokwepa jino bovu, akaendelea.

Baada ya wimbo wa sita Nicanor alimsogelea.

"Kompadre, wamewasha kipoza hewa? Mbona nasikia baridi?"

"Wewe na masihara yako," alisema Baudelio, akaanzisha polka, dansi ya mwendo wa haraka.

Alikuwa amefika ubeti wa pili alipomtazama tena. Yeye mwenyewe alikuwa ametota, jasho likimdondoka kidevuni juu ya kodiani. Yadira alikuwa ametota. Mpiga ngoma alikuwa kama katolewa kisimani. Lakini uso wa Nicanor ulikuwa mkavu kabisa, mwekundu kama tofali, na mkono wake ulipiga nyuzi zisizohusika.

Moyo wa Baudelio ulishtuka kabla ya akili. Miaka ishirini na miwili nyuma, huko San Luis, kwenye mashindano ya farasi, kaka yake Ramiro alimwambia kutoka nyuma ya ngoma kwamba anasikia baridi. Naye Baudelio akamjibu: "Nyimbo mbili tu, kaka, halafu tupumzike." Ramiro alianguka kwenye wimbo wa pili, hakuinuka; joto lilikuwa limemuua. Maneno yale Baudelio hakumwambia mtu. Si mkewe, si padri.

Alifunga kodiani katikati ya ubeti. Wimbo ulikatika kama kamba.

Mtu mmoja mwenye bia akapaza sauti: "Wazee wameishiwa betri!" Mwingine akadakia, "Leteni redio!" Watu wakacheka.

Baudelio alishika maikrofoni. "Redio baadaye. Sasa hivi nataka barafu, na nataka wanaume sita wenye mgongo. Mtu wangu anakufa."

Kicheko kikakoma. Nicanor alikuwa bado anapapasa gitaa. "Mama, subiri," alisema kwa upole, akimwangalia Yadira, "niwafungie mbuzi kwanza." Akaporomoka jukwaani.

Kando ya meko ya nyama kulikuwa na hori refu la mabati la kunyweshea ng'ombe, limejazwa barafu na bia. Rosaura, mkaza mwana wa Mzee Eliseo, alikuwa muuguzi wa zahanati ya hapo, na hakungoja kuulizwa. "Toeni chupa! Mwingizeni mpaka shingoni! Kichwa kikae juu! Asipewe kitu cha kunywa, hajijui!" Baudelio alinyakua kisu cha nyama na kulichana jaketi jekundu la kompadre wake kutoka kooni hadi kiunoni. Wanaume sita walimbeba, wakamzamisha. Wengine walikimbilia ghala la kufungia vitunguu, wakarudi na matoroli ya barafu iliyosagwa, ile wanayofunikia mboga zikisafirishwa.

Baudelio alipiga magoti kichwani pa hori, ameshika kichwa cha Nicanor kwa mikono miwili. Barafu ilimuuma mpaka mifupani. Yadira alikuwa upande wa pili.

"Baba yako aliniambia anasikia baridi," Baudelio alisema ghafla. Hakumtazama. "Siku ile. Nikamwambia mbili tu."

Yadira alichota maji akammwagia Nicanor utosini. "Najua, baba mdogo. Mama alikuwa nyuma ya spika, alisikia. Alinikataza nisikuulize. Alisema huyo anajiuliza mwenyewe kutwa kucha."

Baudelio aliinamisha paji la uso hadi kwenye ukingo wa hori.

"Leo umeukata wimbo," alisema Yadira. "Mshike vizuri, anateleza."

Dakika zilipita, kumi, kumi na tano. Rosaura alikuwa akimpima joto na kusema namba kwa sauti, na kila namba ilipungua kidogo kuliko iliyotangulia. Kisha Nicanor akaanza kutetemeka, akafumbua macho, akaona barafu, akaona chupa mbili za bia zilizosahaulika zikielea tumboni pake.

"Nani kaniweka kwenye supu?" aliuliza.

Watu walipiga makofi kuliko walivyopigia wimbo wowote siku ile. Yule wa betri alilia waziwazi. Bi Encarnación alifanya ishara ya msalaba, akamkumbatia Baudelio na suruali yake iliyolowa.

Gari la wagonjwa lilifika baada ya nusu saa; Rosaura ndiye aliyeliita, akisema figo lazima zitazamwe. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja, akapanda Yadira. "Wewe baki," Nicanor alimwambia Baudelio kutoka kwenye machela. "Hospitali utanisumbua tu. Wachezeshe hawa wazee."

Mzee Eliseo alivua kofia. "Ukaidi ni wangu," alisema. "Njooni." Akafungua milango mikubwa ya chumba cha baridi cha ghala lake. Wageni wote waliingia wakasimama kati ya makreti ya vitunguu, wakitoa mvuke midomoni, wakishangaa kama watoto. Baudelio alipiga pale akiwa na fulana ya ndani tu na blanketi la mtu mabegani. Besi haikuwepo, gitaa halikuwepo. Mpiga ngoma alipiga kreti. Sauti tatu za kodiani zilikuwa zimekufa kabisa, na kila mahali zilipotakiwa, wageni waliziimba wenyewe kwa midomo, wakicheka.

Simu iliita katikati ya walsi. Baudelio aliacha kupiga kwa mara ya pili siku ile, na safari hii hakuna aliyemzomea.

"Wamenivika gauni lililo wazi mgongoni," ilisema sauti ya Nicanor. "Wauguzi wote wameniona. Daktari anasema figo nzima, kesho natoka. Lakini heshima yangu haitoki."

Baudelio aliishusha simu. Aliketi juu ya makreti, akaufunika uso kwa blanketi, mabega yakimtikisika. Bi Encarnación akatangaza kwamba bendi inapumzika.

Walimchukua Nicanor hospitali kesho yake asubuhi mapema, jua likiwa bado la kuvumilika. Yadira aliendesha, vioo vimefungwa, kipoza hewa kimefunguliwa hadi mwisho. Kabla ya kuvuka daraja la mto Nicanor alishalala, mdomo wazi, akikoroma kama lori linalopanda mlima.

Yadira alinyoosha mkono kwenye redio.

"Acha," alisema Baudelio.

Wakasafiri hivyo mpaka nyumbani Caborca, Baudelio amekigeuzia sikio kiti cha nyuma.